Korona Haisimami Bila Filimbi

Siku mliyoniaga mlisema maneno mengi mazuri, mpaka nikawa nageuka nyuma kuangalia kama kuna mstaafu mwingine. Mmoja wenu alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumpandishia mtu sauti. Nilikuwa nimevishwa shada la karatasi, nimeshika soda ya moto, na nilitaka kuinuka nimsahihishe, lakini pilau lilikuwa bado halijapakuliwa. Ni kweli sikupandisha sauti. Sikuwa na haja hiyo, nilikuwa na filimbi.

Sasa nimekaa hapa Bungu, kwenye baraza la nyumba ambayo mke wangu husema niliijenga nikiwa nimefumba macho, na nawaandikia yale ambayo hayakusemwa siku ile. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache, na mishahara nitairuka, maana mnaijua. Nataka kuandika juu ya korona, ule mtambo wetu wa kukwangua majani ya mkonge yakabaki singa tupu, zile nyuzi nyeupe, na juu ya mtu mmoja wa upande wa Handeni niliyemfukuza kazi kwa kosa la kuona vizuri.

Nilishuka kutoka milimani kwenda Korogwe kutafuta kazi Uhuru ukiwa haujafika. Nilikuwa kijana wa darasa la nane, shati limepigwa pasi ya mkaa, kalamu mfukoni. Nilidhani wakiiona kalamu watanipeleka ofisini. Waliiona, wakanipeleka kwenye makapi. Nyie mnayajua makapi, ule uchafu wa kijani unaotoka chini ya ngoma za korona na kuteremka na maji mferejini. Harufu yake ilinipiga tumboni nikatapika mbele ya toroli lililojaa majani, na watu wa zamu ile wakanipa jina ambalo mke wangu amenikataza kuliandika. Utomvu wa mkonge uliniwasha hadi viwikoni, na juma zima nilijikuna mpaka nikashindwa kushika kijiko. Kalamu ilianguka mferejini siku ya tatu. Niliitazama ikienda, sikuifuata.

Mnyapara wa korona wakati huo, yaani msimamizi wa zamu, alikuwa Mzee Kibwana. Nataka nimtendee haki, kwa sababu huko mbele nitamsema. Alikuwa na masikio ambayo sijayaona kwa mtu mwingine. Alikuwa akiketi kwenye kiti chake juu ya jukwaa, amefumba macho kama amelala, kisha anasema, "Majani ya leo yamelala juani," na ukienda kwenye toroli unakuta kweli yamenyauka, yalikatwa juzi. Alinifundisha kusimama miguu peku kwenye mbao na kuusikia mtetemo wa ngoma kwa nyayo. Alinifundisha kulaza majani ubavu kwenye meza ili mnyororo uyabane katikati, ngoma ya kwanza ikwangue ncha na ya pili ikwangue mashina. Alinifundisha kwamba singa nzuri ni ile inayotoka nyeupe na ndefu, na kwamba ikitoka na ukijani basi kuna mtu kazini anawaza mambo ya nyumbani. Hayo yote mpaka leo ni kweli.

Alinifundisha na mengine. Mnyapara hali na watu. Mtu akipita mbele ya kiti cha mnyapara anavua kofia, na akiwa hana kofia anainama. Watu wa mezani wamekatazwa kuvaa mikono mirefu, kwa sababu mnyororo hauchagui cha kubana, ila mnyapara huvaa koti, kwa sababu ya heshima yake. Nilifanya kazi miaka mingi bila kuona kasoro katika maneno hayo. Na kubwa kuliko yote, korona haisimami bila filimbi ya mnyapara. Pale ukutani palikuwa na mkono wa chuma ambao ukiuvuta mkanda wa injini unahama na ngoma zinapoteza nguvu. Mkono ule ulikuwa wazi, mtoto angeweza kuufikia, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpaka filimbi ilie. Wazungu wenye shamba ndio walioanzisha amri hiyo, kwa hofu kwamba kibarua akiachiwa atasimamisha mtambo kila akitaka kupumzika mgongo.

"Ukimruhusu mmoja," Mzee Kibwana aliniambia, "kesho watasimamisha wote, na keshokutwa watakuuliza wewe una kazi gani."

Swali lenyewe lilikuwa zuri, lakini nilikuwa kijana, sikuliona hivyo.

Uhuru ulikuja tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Mwaka uliofuata Mzee Kibwana aliondoka kazini, akabaki kuishi palepale kambini, nami nikapewa zamu yake. Nikarithi kiti, filimbi, na koti lake la kaki ambalo lilikuwa la mtu aliyenizidi mabega na tumbo. Mikono yake ilinifika kwenye vidole. Mke wangu alitaka kuikata, nikamkatalia, nikamwambia koti la mnyapara halikatwi. Likizo ya kwanza nilipanda nalo Bungu katika joto la Januari, nikampigia mama filimbi sebuleni ili aone cheo changu. Kuku walitoka wote kwa dirisha. Mama alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Mwanangu, kumbe huko Korogwe umekuwa refa?"

Salehe alikuwa mtu wa mezani. Mzigua wa ndani huko Mkata, umri wetu ulikuwa mmoja, mikono yake myepesi na maneno yake mazito. Angeweza kulaza majani zamu nzima bila kusema neno, na singa za upande wake hazikuwahi kutoka na ukijani. Nilimpenda, ila kwa desturi tuliyokuwa nayo mnyapara akimpenda mtu hamwambii.

Asubuhi moja korona ikanyamaza. Kama hujakaa kwenye korona huwezi kujua kishindo cha ukimya ule, kila mtu aliinua kichwa. Nilisimama kwenye jukwaa na koti langu, na wa kwanza kumwona alikuwa Salehe, mkono wake bado umeshika ule mkono wa chuma.

"Nani amesimamisha?" nikauliza, kana kwamba sioni.

"Mimi, Mnyapara. Nimeona waya umeingia na majani."

"Umesikia filimbi?"

"Sikusikia filimbi. Ila waya nimeuona."

"Nimekuuliza habari ya filimbi, sijakuuliza habari ya waya."

Salehe akaonyesha kwa kidole. "Basi teremka uuangalie, Mnyapara. Upo hapo chini ya mnyororo."

Kuteremka kulikuwa na ngazi tatu tu. Nilizihesabu baadaye mara nyingi. Lakini watu wote wa zamu walikuwa wananitazama, na mnyapara kuteremka kwenda kuchungulia mahali anapoonyeshwa na kibarua ni jambo ambalo Mzee Kibwana hakunifundisha. Nikapiga filimbi, korona ikawashwa. Saa ya chai ilipofika Salehe alikuwa ameshakabidhiwa kadi yake ya kazi na kuambiwa arudi kwao. Alinyoosha shati lake, akawaaga wenzake mmoja mmoja, akaondoka akifuata njia ya reli ya matoroli. Mimi alinipita mbele ya kiti, na alivua kofia.

Jumamosi tulisafisha korona. Mimi mwenyewe nilipochungulia chini ya mnyororo nikaukuta waya, urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko, umetafunwa upande mmoja. Ungenaswa na visu vya ngoma ungeruka kama risasi, na upande ungerukia ndiko walikopanga mstari akina mama wa kuchukua singa. Niliutazama, nikatazama huku na huku, nikautupa mferejini. Nilijiambia kwamba Salehe ameshaondoka, na kwamba mnyapara akikiri kosa mbele ya watu hatasikilizwa tena. Niliona aibu siku ile, na niliibeba miaka sita ndani ya koti nisimwonyeshe mtu.

Kisha likaja Azimio, shamba likawa mali ya umma, tukaletewa meneja wetu wa Kiafrika. Tukaambiwa tuitane ndugu, nami nikawa Ndugu Mnyapara. Katika mkutano wa kwanza meneja alisema vikali kwamba unyapara ni tabia ya kikoloni, kiongozi wa kweli yuko pamoja na watu wake. Nilipiga makofi kuliko wote, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu peke yangu, nimevaa koti. Hakuna aliyecheka. Nikadhani wamekubaliana nami.

Sasa nawaletea ile siku yenyewe. Kulikuwa na mgeni mmoja mezani, ameanza kazi juma lile, analaza majani yakiwa yamepinda. Nikaamua kuteremka nimfundishe. Mnaona, ngazi zile zilikuwa zinateremkika. Nikamsogeza, nikasimama mahali pake, nikaanza kumweleza kwa sauti ya juu namna ya kufanya kazi kwa usalama karibu na mnyororo. Nilinyoosha mkono wa kulia ili aone vizuri. Mnyororo ukaushika mkono wa koti.

Mara ya kwanza nilivuta tu, kama mtu anayevutwa na mbuzi. Mara ya pili nilielewa. Nilibwagwa kifudifudi juu ya majani, nikaanza kwenda na mkonge kuelekea kwenye ngoma ya kwanza. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu, chini ya kifua, imelaliwa na mwili wote. Nilipiga kelele: simamisheni! Kwenye kishindo cha korona sauti ya mtu haifiki hatua mbili. Niligeuza kichwa nikawaona watu wangu. Wanaume wanane, wenye nguvu, walionipenda au angalau hawakunichukia, wamesimama wima wananitazama mdomoni. Walikuwa wanasubiri filimbi. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.

Aliyeuvuta ule mkono wa chuma alikuwa Mama Zuhura. Huyu alikuwa mjane, kazi yake ni kuchukua singa mbichi na kwenda kuzianika kwenye nyaya nje, watoto wanne nyumbani. Aliutupa mzigo wake, akakimbia, akaning'inia kwenye mkono ule kwa mikono yote miwili, kwani ulikuwa mgumu na yeye ni mwembamba. Ngoma hazisimami papo hapo, zinazunguka kidogo kwa uzito wake. Koti lilikwenda. Mshono wa begani uliachia, mkono wote wa koti ukaingia ndani ukatokea upande wa pili umekwanguliwa nyuzinyuzi, na nasema kama mtaalamu kwamba ilikuwa kazi safi. Mimi niliacha pale ngozi ya mkono na ncha ya kidole kidogo. Shukrani kwa Mungu, sehemu ya mwili wangu iliyoliwa na korona iliishia hapo.

Wakaninyanyua, wakaniketisha sakafuni. Damu ilikuwa inatiririka, mtu amevua shati lake ananifunga. Nikamwona Mama Zuhura amepiga magoti mbele yangu, singa zimemganda kwenye kanga. Nilidhani ananipa pole. Alikuwa analia.

"Mnyapara, nisamehe," alisema. "Nimeuvuta mkono bila filimbi. Usinifukuze, nina watoto."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichosikia moyoni wakati ule, na kila mara naishia kuchana karatasi. Niliona aibu, vijana. Mama yule alikuwa amenirudishia mkono wangu, na alikuwa ananiogopa.

Nililazwa kwenye zahanati ya shamba siku nne. Siku ya pili akaja Mzee Kibwana na machungwa. Akakagua bandeji, akatikisa kichwa, kisha akasogeza kigoda karibu.

"Daftari la korona lina nafasi wazi," alisema. "Meneja anataka kujua nani alisimamisha na kwa amri ya nani. Wenzako wameona waandike kwamba ulipiga filimbi ukiwa umelala pale. Nani atabisha? Mama yule anabaki na kazi yake, nawe unabaki na heshima yako."

"Na desturi?"

"Inabaki vilevile. Hakuna kilichoharibika."

Alikuwa ananitakia mema, hilo sina shaka nalo. Na lazima niseme ukweli, nilikubali. Nilikubali kwa muda wa chungwa zima. Lilikuwa tamu, na uongo ule ulikuwa mzuri, haumuumizi mtu yeyote niliyekuwa namwona. Nilipofika kwenye kokwa ndipo nikamkumbuka nisiyemwona. Kama filimbi ililia kwa Mama Zuhura, basi Salehe alibaki na kosa lake peke yake, milele.

"Mzee," nikamwambia, "yule Salehe aliona waya kweli. Niliukuta Jumamosi yake."

Mzee Kibwana alikusanya maganda. Kisha akayafunga kwenye gazeti, akasimama. "Hilo ungekufa nalo," akasema, akaondoka. Hakuniletea machungwa tena.

Nilipotoka zahanati niliomba kusema kwenye mkutano wa wafanyakazi. Nilikuwa nimeandaa hotuba kubwa. Nilianza na hali ya bei ya katani duniani, nikapita kwenye wajibu wa mzalendo, nikazunguka na historia ya shamba. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka bandeji ikalowa. Mwishowe mtu mmoja wa toroli akaita kutoka nyuma, "Mnyapara, jani limeshanyauka. Lilaze mezani!" Watu wakacheka, nami nikasema yote kwa pumzi moja. Nikasema sikupiga filimbi, Mama Zuhura ndiye aliyeniokoa, Salehe alikuwa sahihi, waya niliukuta nikautupa kwa mkono wangu. Kicheko kiliisha. Meneja aliacha kuandika.

"Kwa hiyo unataka nini, ndugu?" akaniuliza.

"Kila mtu aruhusiwe kuuvuta ule mkono."

"Na wakiuchezea?"

"Nitajibu mimi."

Waliuchezea, bila shaka. Juma la kwanza nilijuta kila siku. Walisimamisha korona kwa sababu ya jiwe, nikashukuru. Walisimamisha kwa sababu ya kamba, nikavumilia. Jumatano mbeba majani mmoja, pande la mtu, aliisimamisha kwa sababu kinyonga alikuwa juu ya jani, na akasema yeye hamshiki kinyonga hata aletwe meneja. Meneja akaletwa. Naye hakumshika. Tulikaa wote tukimngoja kinyonga ateremke mwenyewe, na mnajua mwendo wake. Nilichukua kiti changu siku ileile nikakiteremsha chini kwenye meza, kwa sababu kama ni kuulizwa maswali kila saa basi afadhali niulizwe karibu. Nikaanza kunywa chai na zamu. Ndipo nikajua kwamba kwa miaka yote ile watu walikuwa wanajua ngoma ya pili ina mlio mbaya asubuhi, na wananisubiri mimi mwenye masikio niusikie.

Lakini baada ya mkutano ule kuna mtu alikuwa ameniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, "Na Salehe mwenyewe umemwambia?" Nilimjibu kwamba nitamwandikia barua. Alinitazama mkono, akatazama pembeni. Kwa hiyo Jumapili ya pili, mkono bado umefungwa kama mkate, nilipanda basi la kwenda Mkata.

Kutoka barabarani nilitembea zaidi ya saa nzima kati ya mahindi yaliyokauka mapema na mihogo. Kila niliyemuuliza njia alinijua kabla sijajitambulisha, au niliona hivyo. Nilimkuta Salehe anang'oa mihogo. Aliinuka, akafuta mikono, akanitazama uso, kisha bandeji.

"Karibu, Mnyapara," akasema. "Nyumba ile pale."

Alinikalisha kwenye mkeka, mkewe akaniletea maji. Nikamweleza. Safari hii sikuanza na bei ya katani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja tu.

"Ule waya ulikuwa mrefu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiwiko cha mkono mzima.

"Ndiyo," akasema. "Ni huo."

"Nimeongea na meneja. Kazi yako ipo, ukitaka hata kesho."

"Kazi sikupoteza, Mnyapara. Mihogo hii si kazi?" Akageuka kuelekea ndani. "Nilichopoteza ni kingine. Ngoja nimwite baba, umwambie yeye."

Mzee akatoka akishikilia ukuta. Nikasema shikamoo, hakuitika. Salehe akaniambia nipandishe sauti, masikio ya baba yameondoka. Nikarudia shikamoo kwa nguvu, akaitikia marahaba. Kisha nikaanza kumweleza, na kila nilipofika kwenye kosa langu alikuwa anaweka kiganja sikioni na kusema, "Eeh?" Mimi ambaye mlisema sikuwahi kupandisha sauti, nilipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilimfukuza bure! Eeh? Nilimfukuza bure, mzee! Mimi ndiye niliyekosa! Majirani waliacha majembe. Wengine walikuja mpaka uani, wakasimama kusikiliza, na sikuweza kupunguza sauti kwa ajili yao.

"Kwa hiyo hakuiba?" mzee akauliza.

"Hakuiba kitu, mzee!"

"Wala hakulewa?"

"Hakulewa! Aliona hatari, akasimamisha mtambo! Alikuwa sahihi!"

Mzee akakaa. Akamgeukia mwanawe, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu asiyesikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba," Salehe akasema karibu na sikio lake. "Siku ileile niliyorudi."

"Uliniambia," mzee akakubali. "Nikasema shamba kubwa lile halifukuzi mtu bure." Akamshika mwanawe mkono juu ya kiwiko, akabaki ameushika.

Mke wa Salehe akaleta ugali na kisamvu, sinia moja, tukakaa wote. Nyumbani nilikuwa nakula kwa kijiko na mkono wa kushoto. Pale hapakuwa na kijiko, na mkono wa kulia ulikuwa ndani ya bandeji. Nikaupeleka wa kushoto kwenye sinia, nikaurudisha haraka kabla mzee hajauona, nikasema nimeshiba. Tumbo likaunguruma watu wote wakasikia, isipokuwa mzee.

Salehe akanawa tena. Akakata tonge, akalifinyanga, akalichovya, akalileta mbele ya uso wangu.

"Fungua mdomo, Mnyapara."

Nikafungua. Watoto wake walicheka mpaka mmoja akaanguka mkekani, na mimi sikuweza kucheka wala kumeza, machozi yalikuwa yananitoka na ugali umejaa mashavuni. Salehe alikuwa ameshaandaa tonge la pili, amelishika, ananingoja.

"Tafuna kwanza," akasema. "Utalia njiani."